Mzee wa Amani na Kurasa Zilizorukwa

Kuna stori moja ambayo Afrika Mashariki haichoki kujisimulia, na imerudiwa mara nyingi mpaka imekuwa kama utanzu wa fasihi wenye kanuni zake. Rais anastaafu. Anapotea kidogo, watu wanaulizana yuko wapi siku hizi. Halafu anatokea kwenye picha, shati bila tai, katikati ya watu wawili ambao wiki iliyopita majeshi yao yalikuwa yanauana, na mikono yote imeshikana. Kuanzia hapo hakuna anayetaja tena deni, polisi, mashamba wala kura. Mhusika amebadilishwa jina. Jana alikuwa mwanasiasa, leo ni mzee wa amani, na si unajua mzee haulizwi maswali mengi.

Nataka kuikosoa stori hiyo kama ambavyo ningekosoa riwaya: jinsi ilivyojengwa, nani amepewa sauti, na hasa wapi inaruka kurasa. Toleo ninalolichukua ni lile lililo karibu nami, la Uhuru Kenyatta. Ninaishi Theta, wadi ya eneobunge la Juja, pale kati ya Ruiru na Thika. Kwetu sisi huyu msuluhishi si jina la kwenye habari za kimataifa tu. Kuna steji ya Thika Road inaitwa Kenyatta Road, na barabara inayoanzia pale inapanda kuelekea Gatundu, nyumbani kwao. Maziwa ya Brookside tunayotia kwenye chai yanatoka Ruiru, kwa kampuni iliyoanzishwa na familia yao. Ukienda Kamakis kula nyama choma, hauko mbali na Northlands, maelfu ya ekari za familia hiyo hiyo. Ukimsoma mtu ukiwa karibu hivyo, unaona hata alama za kifutio.

Kwanza apewe haki yake. Vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, vilianza Novemba 2020. Tarehe 2 Novemba 2022, serikali ya Ethiopia na viongozi wa Tigray walitia sahihi huko Pretoria makubaliano ya kusitisha mapigano, mbele ya jopo la Umoja wa Afrika la watu watatu: Olusegun Obasanjo wa Nigeria, Phumzile Mlambo-Ngcuka wa Afrika Kusini, na Uhuru, aliyekuwa ametoka Ikulu wiki saba tu kabla. Siku kumi baadaye makamanda wa pande zote mbili wakatia sahihi, hapa Nairobi, hati ya namna ya kuyatekeleza. Obasanjo mwenyewe alikuja kukadiria kwamba waliokufa huenda walifika 600,000. Hata ukiikata hesabu hiyo nusu, bado ni miongoni mwa vita vibaya zaidi vya karne hii, na wengi wetu tulikuwa tunaona vichwa vya habari tunapita tu. Makubaliano yenyewe yana matundu. Eritrea, ambayo wanajeshi wake walipigana na walishutumiwa kwa ukatili mkubwa, haikuwa mezani. Lakini bunduki nyingi zilinyamaza. Mtu aliyesaidia kuzinyamazisha amefanya kazi, na sina haja ya kuidharau.

Kongo ni hadithi nyingine, na hapo ndipo utanzu wetu unaanza kukohoa. Mazungumzo ya Nairobi yalianzishwa Aprili 2022, Uhuru akiwa bado rais, kisha akaendelea nayo kama mwezeshaji wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Novemba mwaka huo alifika Goma na kuingia kambi ya Kanyaruchinya, ambako watu waliofukuzwa na mapigano ya M23 walikuwa wanalala kwenye vibanda vya turubai juu ya mawe meusi ya volkano. Mwisho wa mwezi huo alikaa Nairobi na wajumbe wa makundi kwa makumi yenye silaha. M23 wenyewe hawakuwepo. Kikosi cha Jumuiya kilichopelekwa kusimama katikati kiliondoka Desemba 2023, baada ya Kinshasa kukataa kukiongezea muda. Januari 2025 M23 wakaingia Goma, na mwezi uliofuata Bukavu. Viongozi wa Afrika Mashariki na wa Kusini wakakutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, wakaunganisha mchakato wa Nairobi na ule wa Luanda, na baadaye mwezi huo Uhuru akatajwa tena kuwa mmoja wa wawezeshaji. Kisha meza ikahamishwa. Mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wao Washington, tarehe 27 Juni 2025, na mwezi uliofuata Kinshasa na M23 wakatia sahihi tamko Doha. Wazee wetu wakabaki na viti.

Umeona shida ya msimuliaji? Utanzu huu unataka picha ya mwisho yenye mikono iliyoshikana. Kongo inakataa kutoa picha hiyo, au inaitoa halafu kesho yake mji unaanguka. Kwa hiyo wasimuliaji wanafanya nini? Wanahamisha uzito kutoka kwa kazi kwenda kwa sura ya mtu. Hawakwambii amani ilifika wapi. Wanakwambia mzee alisafiri, mzee alihuzunika, mzee aliwashika watoto kambini.

Hebu tuangalie maneno, kwa sababu Kiswahili hapa ni kikali kuliko wanaokitumia. Tuna msuluhishi, tuna mpatanishi, na siku hizi tuna mwezeshaji. Magazeti yanayachanganya kana kwamba ni kitu kimoja. Mpatanishi ametoka mbali: pata, patana, patanisha. Kupatana ni neno la sokoni pia. Muuzaji wa mitumba Jamhuri Market pale Thika na mteja wake wanapatana bei, kila mmoja anajua ameachilia nini, na hakuna aliyebaki msafi. Msuluhishi ana suluhu mkononi, au angalau tunamdai awe nayo. Mwezeshaji je? Huyo anawezesha tu. Wengine wakitaka kupatana, yeye anafungua ukumbi. Kenya hii neno hilo lina na kichekesho chake: ukisikia kwenye semina kuna uwezeshaji, unajua kuna bahasha ya nauli. Cheo rasmi cha Uhuru kwa Jumuiya ni mwezeshaji. Hata hivyo, stori inayosimuliwa kumhusu ni ya msuluhishi. Kati ya maneno hayo mawili kuna pengo ambalo watu wa Goma wameishi ndani yake, na wao Kiswahili wanakijua vizuri, usidhani unaweza kuwauzia moja kwa jina la lingine.

Sasa turudi kwenye kurasa zilizorukwa.

Mwanzoni mwa 2008 Kenya ndiyo iliyokuwa inasuluhishwa. Sisi ndio tuliokuwa Kanyaruchinya. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mamia ya maelfu wakatoka makwao, na Kofi Annan akaja na Graça Machel na Benjamin Mkapa kutukalisha chini. Tarehe 28 Februari 2008, mbele ya Harambee House, Kibaki na Raila wakatia sahihi, Annan na Kikwete wakiwa pale pale. Uhuru wakati huo alikuwa waziri wa Kibaki, na wiki chache baadaye, serikali ya mseto ilipoundwa, akawa naibu waziri mkuu. Alikuwa upande mmoja wa meza.

Halafu ikaja bahasha. Tume ya Jaji Waki ilifunga majina ya washukiwa ndani ya bahasha, na Kenya iliposhindwa kuunda mahakama yake, Annan aliikabidhi kwa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, Julai 2009. Desemba 2010 mwendesha mashtaka akataja watu sita. Uhuru alikuwa mmoja wao. Alikana tangu siku ya kwanza, na Desemba 2014 mashtaka dhidi yake yaliondolewa kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha, upande wa mashtaka ukilalamika kwamba serikali ya Kenya haikushirikiana nao. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani na mimi si mahakama. Lakini kama msomaji, angalia muundo ulivyo: msuluhishi anatoa bahasha, bahasha inazaa mshtakiwa, mshtakiwa anakuwa rais, rais anakuwa msuluhishi. Ukiandika riwaya hivyo, mhariri atakwambia umezidisha. Na bado toleo maarufu la maisha yake linaanzia Pretoria, kama mtu aliyezaliwa akiwa na miaka sitini na moja.

Kuna kitu kingine kinachonikera katika mruko huo, na ni kwamba unamnyang'anya hata yeye mwenyewe sehemu zake nzuri. Mwaka 1997 aligombea ubunge wa Gatundu Kusini, nyumbani, jina la baba yake likiwa kwenye barabara, akashindwa na Moses Mwihia. Gatundu walimkataa mtoto wa Jomo! Mwaka 2002 Moi akamtwika ugombea wa urais, akashindwa na Kibaki, akasimama akakubali kushindwa, jambo ambalo bara hili halilifanyi kila siku. Mtu huyu amewahi kuwa mshindwa mara mbili, mshtakiwa mara moja, mshindi ambaye ushindi wake ulifutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba 2017, na rais aliyemwambia mpinzani wake mkubwa zaidi njoo tusalimiane. Handisheki ya tarehe 9 Machi 2018 ilifanyika kwenye ngazi za Harambee House, mahali pale pale pa 2008, tofauti ni kwamba safari hii hapakuwa na Annan. Msuluhishi alikuwa mmoja wa wagomvi. Ukitaka kujua anachokijua Uhuru kuhusu amani, hapo ndipo pa kusoma, pamoja na bei yake: handisheki ilituliza barabara, ikazaa BBI iliyokufa Mahakama ya Juu Machi 2022, na haikumrudishia mtu yeyote mtoto wake. Mwaka 2017 polisi waliua watu Kisumu na Nairobi, mtoto mchanga akiwemo. Salamu ya wakubwa ilipita juu ya makaburi hayo kama flaiova.

Thika Road inayaweka haya yote kwenye mstari mmoja, ukiwa na macho. Ukitoka Ruiru ukielekea mjini unapita uwanja wa Kasarani. Pale ndipo Uhuru aliapishwa 2013, na tena 2017. Pale ndipo tarehe 13 Septemba 2022 alikabidhi madaraka kwa William Ruto, na Ruto, katika hotuba ya kwanza ya urais wake, akatangaza kwamba mtangulizi wake ataendelea na kazi ya amani Ethiopia na Maziwa Makuu. Kwa hiyo mzee wa amani, rasmi, amezaliwa Kasarani. Aprili 2014, uwanja huo huo ulifungiwa Wasomali waliokamatwa kwa maelfu Eastleigh kwenye operesheni iliyoitwa Usalama Watch, wakiwemo raia wa Kenya na wakimbizi waliokuwa na karatasi zao. Rais alikuwa nani? Wasimuliaji wanazo nafasi mbili za kuutaja uwanja huu na wanachagua moja.

Najua kuna jibu la haraka: kwani nani msafi? Na kweli, historia ya usuluhishi wa eneo letu haina malaika. Moi aliwakutanisha Tito Okello na Museveni hapa Nairobi, wakatia sahihi tarehe 17 Desemba 1985. Siku arobaini baadaye Museveni alikuwa ameiteka Kampala. Na katika miaka hiyo hiyo ambayo Moi alikuwa anajenga jina la mpenda amani kwa majirani, watu walikuwa wanateswa chini ya Nyayo House. Nyerere, ambaye jina lake tunalitamka kwa sauti ya kanisani, alipokuwa anasuluhisha Burundi utawala wa Buyoya ulimwona ana upande, kwa sababu alikuwa nyuma ya vikwazo vya 1996. Alikufa Oktoba 1999, mkataba wa Arusha ukatiwa sahihi mwaka uliofuata mikononi mwa Mandela. Sasa, hoja ya kwamba hakuna msafi ninaikubali. Ninachokataa ni kuitumia kama sabuni. Kama hakuna msafi, basi tuambiwe uchafu wa kila mmoja ulimfundisha nini. Hapo ndipo simulizi ya msuluhishi inaweza kuwa na maana kwetu zaidi ya picha.

Na inawezekana. Benjamin Mkapa alichapisha kumbukumbu zake 2019, *My Life, My Purpose*. Mkapa ni wa utanzu huu kabisa: rais mstaafu wa Tanzania, mmoja wa watatu waliotusuluhisha 2008, kisha mwezeshaji wa Burundi kuanzia 2016, kazi iliyoisha bila mkataba. Kitabu chenyewe kwa sehemu kubwa ni cha mtu anayejitetea, kina kurasa za ubinafsishaji ambazo nilizisoma nikiwa nimekunja uso. Lakini kinafika Januari 2001, Pemba, ambako askari wa serikali yake waliwapiga risasi waandamanaji na kuua makumi, na zaidi ya watu elfu mbili wakavuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya. Tanzania, nchi inayopokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi. Mkapa anaandika kwamba jambo hilo liliutia doa urais wake. Haendi mbali, hamtaji mtu aliyekufa, na wafiwa wa Micheweni wana haki ya kusema haitoshi. Mimi pia nasema haitoshi. Hata hivyo ukurasa upo. Ukiusoma, halafu ukamkumbuka mtu huyo huyo akiwa Nairobi miaka saba baadaye akiwaambia wakubwa wetu waache kuua watu kwa ajili ya kura, unapata mhusika mwenye mwili. Unajiuliza alikuwa anaona nini alipokuwa anatuangalia.

Annan naye alikuwa mkuu wa idara ya walinda amani ya Umoja wa Mataifa wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda 1994, na kitabu chake cha 2012, *Interventions*, hakiizunguki Rwanda. Hawezi. Kila mtu aliyemkaribisha mezani alikuwa anaijua. Linganisha na kitabu ambacho sisi Wakenya tunapaswa kukijua zaidi, *The Mediator* cha Waithaka Waihenya, 2006, kuhusu Jenerali Lazaro Sumbeiywo na mazungumzo ya Sudan yaliyofikia kwenye mkataba wa Nyayo Stadium tarehe 9 Januari 2005. Sumbeiywo hakuwa mwanasiasa, alikuwa mwanajeshi, na labda ndiyo maana kinavutia pale kinapoonyesha usuluhishi kama kibarua: kukaa, kusubiri, kufokeana, kurudi tena kesho. Baada ya kibarua hicho, picha ya mikono iliyoshikana inaonekana ilivyo, sekunde moja tu ya miaka.

Wagikuyu walikuwa na kiama, baraza la wazee, na mtu wa huku akisikia neno mzee anafikiria hapo kabla hajafikiria Umoja wa Afrika. Mzee wa kiama alikuwa jirani. Waliomleta kesi walijua boma lake, walijua kama amedhulumu mpaka wa shamba, walijua wanawe wanaishije. Aliaminiwa au hakuaminiwa kwa sababu ya hayo. Usuluhishi wa kimataifa umegeuza mambo: unamchukua mzee kwa sababu yuko mbali, kwa sababu wanaosuluhishwa hawajui mpaka wa shamba lake.

Lakini sisi tunaujua. Tarehe 27 Machi 2023, siku ya maandamano ya Raila, watu walivamia Northlands pale Ruiru. Televisheni ilionyesha watu wakitoka na kondoo mabegani, miti ikikatwa kwa misumeno ya injini, sehemu ya shamba ikiwaka moto. Siku hiyo hiyo kampuni ya gesi ya familia ya Odinga ikapigwa mawe Industrial Area. Ulikuwa uhalifu, na kutoonekana kwa polisi kuliwafanya wengi waamini umeruhusiwa. Sina utani na moto. Hata hivyo nakumbuka maongezi ndani ya matatu wiki ile, na hayakuwa ya huruma tupu. Mama mmoja alisema pole kwa kondoo. Kijana nyuma akauliza hizo ekari ziliingiaje mikononi mwa mtu mmoja. Konda akawaambia wote wawili wamalizie mjadala wakishuka. Swali la yule kijana ni la 1963, lina miaka mingi kuliko Uhuru madarakani, na hakuna msuluhishi aliyewahi kuitiwa. Mganga hajigangi, tunasema. Magazeti yaliyoandika kuhusu uvamizi ule yaliuweka kwenye kurasa za siasa za Ruto na Raila. Kazi ya Kongo ilikuwa kurasa za kimataifa. Mtu mmoja, wiki moja, na hakuna aliyeziunganisha kurasa hizo kuwa sentensi moja: mwezeshaji wa vita ambavyo ndani yake kuna ugomvi wa ardhi hadi kwenye mizizi, Masisi na Rutshuru, ana shamba linalovamiwa na majirani zake.

Sisemi hivyo kumcheka. Nasema hivyo kwa sababu angekuwa na kitu cha kumwambia mkulima wa Masisi ambacho Obasanjo hana. Na mkulima wa Masisi angekuwa na swali la kumuuliza.

Hii stori inatuhusu sisi vijana kwa njia nyingine pia. Juni 25, 2024, bunge lilipovamiwa na usiku ule risasi zikalia Githurai, Uhuru alitoa taarifa akiitaka serikali iwasikilize wananchi. Januari 2025, kwenye mazishi Gatundu, akawaambia Gen Z wapiganie haki yao, na kwamba yuko nyuma yao. Kwa siku mbili mtandao ulijaa video hiyo. Wenzangu wengine walifurahi kweli: Uhunye amerudi, mzee anatuelewa. Wengine wakaposti picha za 2017. Nilizisoma zote na nikaona kwamba ule utanzu umekwisha kufanya kazi yake. Alikuwa anatusemesha kwa sauti ya mzee wa amani, sauti aliyoipata Pretoria, na waliofurahi walikuwa wanaisikia sauti hiyo peke yake. Waliokasirika walisikia ya rais peke yake. Hakuna aliyemsikia yule wa tatu, ambaye mimi ndiye ninayemtaka, anayejua mwenyewe namna serikali inavyoamua kuwapiga watu wake, na ambaye angeweza kutuambia mazungumzo hayo hufanyika katika chumba gani, saa ngapi, na nani hukaa kimya. Wa tatu huyo angekuwa na faida kwetu kuliko baraka.

Wanaomwandika wanadhani wanamlinda kwa kumnyamazisha huyo wa tatu. Naona wanampunguza. Wamemgeuza kuwa mzee wa bango, wakati mbele yao wana mhusika ambaye mwandishi yeyote wa kuanzia hapa hadi Goma angemgombania.

Kama ningepewa mimi nichague ukurasa wa kwanza, nisingeanzia Kasarani wala Pretoria. Ningeanzia The Hague, tarehe 8 Oktoba 2014. Siku mbili kabla alikuwa ametangaza kumwachia naibu wake madaraka kwa muda, ili aingie kama Uhuru Muigai Kenyatta na si kama rais wa Kenya. Amekaa nyuma ya mawakili wake, watu wengine wanazungumza kuhusu maisha yake, naye ananyamaza, rais wa kwanza aliye madarakani kufika mbele ya mahakama hiyo. Katika mji huo huo, siku hiyo hiyo, Bosco Ntaganda yuko kizuizini akisubiri kesi yake: Mkongo kutoka upande wa Masisi, jenerali wa waasi, mmoja wa watu ambao uasi wao ulizaa M23. Mmoja atarudi nyumbani kwa shangwe kesho yake, barabara ya uwanja wa ndege imejaa watu. Mwingine atahukumiwa miaka thelathini. Miaka minane baadaye yule wa kwanza atakaa Nairobi mbele ya wajumbe wa makundi yenye silaha kutoka Kivu na Ituri, awaambie warudi nyumbani, na ndani ya ukumbi ule kila mtu atakuwa analijua jina la Ntaganda.